Posa ya Baharia wa Yoti: Bi Harusi Ana Haki ya Kuuliza



Tuingie kwenye maneno moja kwa moja, maana baada ya Idi harusi zitafuatana na cherehani zetu hazitapata nafasi. Kuna habari tunaisikia mbele ya kioo cha kupimia nguo mpaka tumeshaizoea: "Mchumba ameacha meli, sasa yuko kwenye yoti." Husemwa kwa sauti ileile ya kutangaza kwamba mtu amejengewa nyumba. Hapo hapo mama mtu anabadilisha kitambaa achukue cha ghali zaidi, wifi anaongeza idadi ya sare, na bi harusi mwenyewe akiuliza swali moja tu, "yoti ya nani, na mkataba wa muda gani?", anaambiwa anyamaze, mke haulizi rizki ya mume.

Sisi tunasema anauliza. Tena anauliza kabla ya mahari kupokelewa. Anayemkataza anamkosea yeye na anamkosea na huyo kijana, ambaye mara nyingi angefurahi kupata mtu mmoja wa kumweleza ukweli wa kazi yake badala ya watu ishirini wa kumhesabia pesa.

Bahari hatuna ugomvi nayo. Visiwa hivi vimelishwa na mabaharia tangu enzi za majahazi, na hata leo vijana wakitaka kumsifu mwenzao mjanja humwita "baharia", japokuwa wengine hawajawahi kufika hata Chumbe. Mke wa baharia wa meli ya mizigo ni mtu tunayemjua. Anajua mumewe yuko kampuni gani, ameondoka kwa miezi tisa, wakala wake anakaa wapi, na pesa zinaingia tarehe ngapi. Anajua kulalamika kwa nani zisipoingia. Tatizo ni kwamba ujuzi wote huo watu wanauhamishia kwenye yoti kama ulivyo, wakidhani ni kazi ileile, chombo tu ndicho kimependeza. Si kazi ileile.

Meli ya makontena yenye urefu wa mita 300 huendeshwa na watu ishirini na kitu, na kazi yao ni kuufikisha mzigo. Yoti kubwa ya kukodishwa kwa kawaida haichukui abiria zaidi ya 12, na wafanyakazi wanaweza kuwa wengi kuliko wageni. Kazi yao ni kumfurahisha binadamu. Kijana aliyezoea kufunga kamba nene na kukwangua kutu anakuta kazi ya asubuhi ni kuosha chumvi chombo kizima kwa maji baridi, kukifuta mpaka lisibaki tone, kusugua deki ya mbao za mtiki, kushusha viboti vya kuchezea, kumpokea mgeni mkono asiteleze. Mgeni akikesha mpaka saa tisa za usiku, kuna mtu anakesha naye amesimama. Kontena halimwamshi mtu usiku kuomba limau.

Twende kwenye pesa, maana ndizo zinazopigiwa vigelegele. Ni kweli yoti inalipa vizuri. Kiwango cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia mwenye cheti cha AB, kinachokubaliwa kupitia Shirika la Kazi Duniani, kilikuwa dola 673 kwa mwezi kwa mwaka 2025. Kwenye yoti, baharia wa deki anayeanza hutajiwa yuro 2,000 na ushei kwa mwezi, chakula na malazi juu. Halafu kuna bakshishi. Katika Bahari ya Mediterania desturi ni mkodishaji kuacha asilimia 5 hadi 15 ya gharama ya kukodi, ikagawanywa kwa wafanyakazi, na yoti hizo hukodishwa kwa bei ambazo sisi tukiandika sifuri zake mtadhani tumekosea.

Lakini hesabu ya harusi hufanywa kwa mwezi mnono kisha ikazidishwa mara kumi na mbili, na hapo ndipo tunapogomba. Msimu wa Mediterania ni Mei mpaka Septemba, ukinyooka unafika Oktoba. Baada ya hapo yoti nyingine zinavuka Atlantiki kwenda Karibi, nyingine zinapandishwa chelezo, na aliyeajiriwa kwa msimu anaambiwa asante, kwaheri. Bakshishi nayo inatoka kwa wageni wanaokodi. Kama yoti ni ya mtu binafsi anayeitumia na familia yake, hakuna mkodishaji, na ukarimu wa tajiri ni juu ya tajiri. Sasa wewe umeshakubali ukumbi na sare za watu mia kwa bakshishi ya Agosti. Januari utalipa nini?

Tena wengi wanaotoka kwenye meli hawaingii yoti kwa cheo walichotoka nacho. Mafunzo ya msingi ya usalama anayo, cha afya anacho, miaka ya baharini anayo, lakini hajawahi kumhudumia mgeni, basi anaanza chini pamoja na vijana wa Kizungu wa miaka 19. Wengine hawaajiriwi wakiwa nyumbani. Husafiri mpaka Antibes kule Ufaransa au Palma kule Hispania, wakapita gatini chombo baada ya chombo na karatasi mkononi kuomba kazi. Mwenye pasipoti ya Ulaya anaweza kufanya hivyo kiangazi kizima. Mwenye pasipoti yetu anahitaji viza, na viza ya matembezi ya nchi za Schengen ni siku 90 ndani ya siku 180, na si viza ya kutafutia kazi. Mtu anayewaambieni "ataenda tu, atapata" amewahi kuiona foleni ya ubalozi?

Na akipanda, si kila anachokipata kule kinarudi naye kwenye meli. Vyeti vya uofisa wa yoti vinavyotolewa na Uingereza vimewekewa mpaka wa yoti. Huwezi kuvichukua ukaenda kusimamia zamu kwenye meli ya makontena. Kijana wa miaka 27 anayekaribia kupata uofisa wa meli za mizigo afikiri sana kabla ya kuruka, na mchumba wake akae naye wafikiri pamoja, maana hayo ni maisha ya watoto wao.

Sasa tufike pahala pagumu zaidi, ambapo ndugu zetu huwa hawataki kupasikia. Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, na Tanzania imeuridhia mwaka 2019. Ndani yake kuna mambo ambayo mke wa baharia anapaswa kuyajua kama anavyojua siku za edda: mshahara ulipwe kila mwezi, baharia awekewe njia ya kupeleka sehemu ya mshahara wake moja kwa moja kwa familia, apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, arudishwe kwao kwa gharama ya mwenye chombo. Tangu mwaka 2017 mwenye chombo anatakiwa pia awe na dhamana ya kifedha ili mabaharia wakitelekezwa wapate mishahara yao ya mpaka miezi minne pamoja na nauli ya kurudi. Mkataba huo unahusu vyombo vya kibiashara. Yoti inayokodishwa imo. Yoti ya mtu binafsi asiyeikodisha haimo.

Someni tena sentensi hizo mbili za mwisho. Vyombo viwili vinaweza kufungwa gati moja, vyote vyeupe, vyote vinang'aa, na kijana wako akapanda kimoja akawa na sheria nyuma yake, akapanda cha pili akawa na wema wa tajiri tu na karatasi yoyote aliyosainishwa. Wapo matajiri wanaowatendea watu wao vizuri kuliko kampuni, hatukatai. Swali ni kwamba asipokutendea vizuri, unakwenda kwa nani? Bendera ya chombo ni ya Visiwa vya Cayman au Marshall, mwajiri kwenye karatasi ni kampuni ya nchi nyingine, tajiri mwenyewe hajulikani jina, na wewe uko Michenzani umeshika simu.

Yoti iitwayo Alfa Nero, yenye urefu wa mita 80 na ushei, iliachwa Antigua mwaka 2022 baada ya tajiri aliyehusishwa nayo kuwekewa vikwazo kwa ajili ya vita vya Ukraine. Chombo cha fahari namna ile kikawa mzigo wa serikali ya kisiwa kidogo, iliyolazimika kugharamia mafuta na watu waliobaki kukitunza, mpaka kikauzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 40. Mwenye yoti ya thamani hiyo ameweza kuondoka akaiacha. Mtu atasema baharia wa deki hawezi kuachwa?

Mkataba huohuo wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipa mwenyewe ni cheti cha afya kinachotakiwa kisheria, kitabu chake cha baharia, na pasipoti. Basi ukisikia wakala anataka milioni kadhaa "za nafasi", ujue hana haki nazo. Mteja wetu mmoja alikuja kutuomba tumpunguzie shanga kwenye gauni la usiku wa walima. Tulidhani amebadilisha mawazo. Kumbe bangili zake, dhahabu ya mahari aliyopewa siku ya nikaha wiki mbili nyuma, zimeuzwa kumlipa wakala wa yoti, na familia mbili zimekaa zikakubaliana hivyo bila yeye kutoa neno. Mwaka ukapita, yoti haikuonekana. Mahari ni mali ya mke, wala si mtaji wa safari ya mume. Akitaka kumpa mumewe kwa ridhaa yake ni hiari yake, lakini ridhaa ya mwari aliyezungukwa na mashangazi sita chumbani inajulikana ni ridhaa gani.

Na pombe.

Hili tunaliandika tukijua kuna watakaokasirika. Kijana anayehudumia baa ya hoteli kule Nungwi akileta posa, familia nyingi hazimpi hata maji ya kunywa. "Riziki yake ina shaka," wanasema, na wanatoa dalili. Kijana mwengine anayebeba ndoo ya barafu na chupa kwenye yoti huko Monaco akileta posa, anafukiziwa udi. Tofauti ni nini? Tirmidhi amepokea hadithi inayotaja watu kumi walioingizwa kwenye laana kwa ajili ya pombe, na hayumo mnywaji peke yake, yumo anayeibeba na yumo anayewanywesha wengine. Haikutaja sarafu. Ikiwa shilingi za Nungwi zina shaka, yuro za Monaco zimetakaswa na nani?

Hatutoi fatwa, hiyo kazi ina wenyewe. Tunachosema ni kwamba muulizeni kijana anafanya idara gani, maana kwenye yoti idara hazifanani. Fundi wa mitambo anakaa chini na injini zake, na kazi yake haiko mbali na ile aliyoifanya kwenye meli. Mtu wa deki anaweza kupita siku nzima na brashi na kamba, ila jioni moja akaambiwa pakia makasha haya kwenye kiboti. Wahudumu wa ndani ndio wanaomimina. Kijana mwenye hofu ya Mungu ameshaliwaza hili peke yake usiku kwenye kitanda chake chembamba, na pengine ameshamuuliza shekhe wake kwa simu. Anaweza kusema mapema kabla ya kusaini kwamba yeye kazi hiyo hataigusa. Nahodha mwengine atakubali, mwengine atamwambia tafuta chombo kingine. Lakini akirudi nyumbani akakuta hakuna anayeuliza, kila mtu anauliza zawadi tu, huyo tumemfundisha nini? Wala msijidanganye kwamba tajiri akiwa wa Ghuba basi chombo hakina pombe. Jina la mwenye yoti si cheti cha halali.

Muda nao. Mkataba wa kazi za baharini unampa baharia haki ya kurudishwa kwao kabla haijatimia miezi 12. Sasa wanazuoni wanatusimulia kwamba Sayyidna Umar alimuuliza bintiye Bi Hafsa, mke anaweza kumsubiri mumewe kwa muda gani. Zipo riwaya za miezi minne na zipo za miezi sita, na Umar akaweka mpaka kwa askari wake kwa mujibu wa jibu hilo. Jibu la mwanamke lilikuwa msingi wa amri ya khalifa. Leo bi harusi akisema "miezi mingapi?" anaambiwa ana haraka. Kwenye yoti kubwa wakubwa wa chombo wanaweza kupata zamu nzuri, miezi miwili kazini na miwili nyumbani. Wadogo wengi hawapati. Na yule wa msimu ana shida ya pekee: harusi nyingi za kwetu zinapangwa miezi ya likizo, Juni na Julai, na hiyo ndiyo miezi ambayo hakuna nahodha wa Mediterania atakayemruhusu mtu wa deki kwenda kuoa.

Mtaambiwa pia, "amesaini karatasi ya siri." Ni kweli, karatasi hizo zipo na nyingi ni kali. Kazi yake ni kumficha tajiri na wageni wake, nani alipanda, alikuwa na nani, alifanya nini. Hayo wala hatuyataki, wazungu na mambo yao. Mume anayesema karatasi hiyo inamkataza kumwambia mkewe anarudi lini na ametuma shilingi ngapi anaisingizia karatasi.

Wapo na wa upande wa pili, wanaocheka. "Mtu mzima kaacha meli kaenda kuosha boti za matajiri." Hao nao wakae kimya. Kuosha ni kazi, na mtu anayerudi salama na fedha aliyoitolea jasho haoni haya kwa sababu alishika kitambaa. Sisi tumemwona mmoja aliyerudi kutoka kwenye yoti akampigia mkewe pasi gauni la hariri hapa dukani kwetu, mshono baada ya mshono, kwa mvuke, bila kuacha hata alama. Wanafunzi wetu walisimama wakatazama. Tungemwajiri siku ileile.

Kwa mabinti wanaotuuliza kama na wao waende, maana idara ya ndani ya yoti imejaa wanawake: ulizeni kuhusu chumba cha kulala kabla ya mshahara. Vyumba vya wafanyakazi ni vidogo, vya vitanda viwili viwili, na si kila chombo kinawatenga wanaume na wanawake. Sare mara nyingi ni fulana ya mikono mifupi na sketi ya juu ya goti, na pombe kwa idara hiyo haikwepeki. Mwenye kutaka bahari apo kwenye mitambo, apo kwenye unahodha, apo kwenye ofisi za bandari. Hilo tutaliandika siku yake.

Usalama tutaugusa kidogo tu. Yoti ya Bayesian ilizama karibu na Porticello, Sicily, alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2024, wakafa watu 7 kati ya 22, na mmoja wao alikuwa mpishi wa chombo. Wenye kuikumbuka Spice Islander ya 2011 na Skagit ya 2012 hawahitaji maelezo zaidi. Muulizeni kijana bima yake inamtaja nani.

Basi posa ikija, mpokeeni mgeni kwa heshima, mpeni halua na kahawa, kisha baba au mjomba aombe kuuona mkataba. Asome kama chombo kimeandikishwa kibiashara au ni cha mtu binafsi, mwajiri ni nani, mkataba unaisha lini, nani analipa tiketi ya kurudi. Kijana akisema hana hiyo karatasi, asifukuzwe, aambiwe akaitafute, posa haiozi. Anayetaka kujua zaidi kuhusu vyeti na bendera anaweza kwenda kuuliza kwenye Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ofisi ipo, na nauli ya kufika huko ni ndogo kuliko kitambaa cha sare moja.

Halafu andikeni sharti. Bukhari na Muslim wote wamepokea kwamba masharti ya ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutimizwa, lakini sisi tunaandika sharti la seti ya makochi na tunaona haya kuandika sharti la fungu la nyumbani. Liandikwe wazi kabla ya siku ya nikaha: kiasi gani cha mshahara kitaingia kwenye akaunti ya mke kila mwezi kutoka kwa mwajiri mwenyewe, miezi mingapi ndiyo mwisho wa kukaa mbali, na kwamba dhahabu ya mahari haiguswi kwa ajili ya wakala yeyote. Mistari mitatu inatosha.

Na mkija kupima, njooni na tarehe ya kuisha kwa mkataba wake pamoja na tarehe ya ukumbi. Hapa dukani kuna gauni moja la rangi ya maziwa limeahirishwa mara mbili kwa sababu yoti imepata wageni wengine. Pindo la chini bado hatujalifunga.